Taa za Katikati ya Mfungo

Dk. Barutwanayo aliingia kwenye chumba cha kamati akijua fika kwamba wenzake walishamhukumu. Ilikuwa hivyo tangu wiki iliyopita, pale simu ya mezani ya mapokezi ilipoita, sauti ya mwanamke ikasema upesi upesi kwamba kati ya madaktari wao wawili wapya mmoja si daktari, kisha laini ikakatika. Hakutaja jina. Hospitali ya Nyota ya Ziwa haikuhitaji kutajiwa. Kabla jua halijachwa, kuanzia maabara hadi jikoni, watu walikuwa wameshakubaliana kwamba ni huyu Mrundi mkimya wa wodi ya watoto.

Wa pili, Dk. Feliksi Mugoha, hakuna aliyemfikiria. Angefikiriwaje? Alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye kumjulia hali mlinzi wa geti na watoto wa mlinzi wa geti. Juu ya yote hayo alikuwa mpasuaji, na hospitali ilikuwa imekaa bila mpasuaji tangu masika, wagonjwa wakisafirishwa mbali kwa tabu kubwa.

Shadia Hamdani aliipenda asubuhi kama hii, ingawa mbele za watu alijifanya amechoka. Yeye ndiye mkuu wa ofisi ya huduma za madaktari na uhakiki. Kwa maneno mepesi, kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kila anayemgusa mgonjwa pale ndani ni yule anayejiita, amesoma anachodai kusoma, na anafanya yale tu aliyopewa idhini kuyafanya. Hakuna aliyeshika kisu bila idhini ya kamati, na kamati haikukaa bila Shadia. Madaktari walimwita Uhamiaji, wakidhani hajui.

Mganga mfawidhi, Dk. Dismasi, alianza bila kupoteza muda. Alikuwa mtu mwema mwenye haraka nyingi, na haraka yake ya leo ilikuwa kummaliza Barutwanayo kabla chai haijapoa.

"Baba yake ni Nyabenda," alisema. "Kaka yake, tena wa baba mmoja mama mmoja, ni Arakaza. Yeye ni Barutwanayo. Bi. Shadia, familia gani hii ambayo kila mtu na ukoo wake?"

"Ya Kirundi, Daktari."

Akamweleza, bila kuzunguka mbuyu, kwamba kwa Warundi mtoto akizaliwa hupewa jina lake mwenyewe, lisilorithiwa kwa baba wala kufanana na la ndugu yake. Siku hizi wapo wa mjini walioanza kurithishana, lakini mzee aliyekulia milimani na kuja huku na familia yake hana mambo hayo. Shadia alikwenda mbali zaidi. Alikuwa ameitafuta yeye mwenyewe namba ya chuo alichosoma Barutwanayo, akampata mwalimu aliyemfundisha, akamtumia picha ya Barutwanayo katikati ya picha za wanaume wengine. Mwalimu alimtambua mara moja, akaongeza kwamba alikuwa na mwandiko mbaya kupita wote darasani.

Dk. Dismasi alikohoa. Barutwanayo hakucheka wala hakununa, aliuliza tu kama anaweza kurudi wodini kwa sababu watoto wanamsubiri. Alipotoka, Shadia alihisi aibu kwa niaba ya hospitali nzima.

Basi akabaki mmoja.

Kwenye karatasi Dk. Feliksi hakuwa na doa. Baraza la Madaktari lilishajibu kwamba namba ya usajili ni halali na jina ni hilo. Lakini Baraza huthibitisha namba, halioni sura. Hospitali yake ya mwisho ilikuwa ya misheni, kusini kabisa mwa ziwa, mbali kupita Ilagala, na namba pekee ya huko iliyopatikana ni ile aliyoileta mwenyewe. Shadia aliipiga. Mwanaume mwenye sauti nzito alimsifia Feliksi mithili ya mtu anayemwoza binti yake. Shadia alimshukuru, akakata simu, na hakuyahesabu yale maneno kuwa kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake ya kwanza: simu aliyokupa mwombaji inaita popote mwombaji anapotaka iite. Alitafuta namba nyingine, akakosa.

Feliksi alipoingia, chumba kilichangamka. Alisalimia mmoja mmoja, akaketi, akakunja mikono yake mirefu juu ya meza. Dk. Dismasi alimuuliza maswali ya kawaida naye akajibu kawaida. Kisha Shadia akamwomba asimulie upasuaji mmoja ambao hatausahau.

Uso wa Feliksi uling'aa. Hapo kabla alikuwa anajibu, sasa akaanza kusimulia.

Ilikuwa huko misheni, alisema. Akamtazama Shadia, akautazama ushungi wake, akatabasamu. "Ilikuwa katikati ya mfungo wa Ramadhani, dada yangu. Nakumbuka kwa sababu manesi wawili wa zamu, Waislamu, walikuwa wametoka kufuturu. Mara tunaletewa mvuvi wa dagaa. Mtumbwi umeyumba, boriti ya wavu imemgonga hapa ubavuni, bandama imepasuka. Ukitazama ziwani, taa za wenzake zimejaa mpaka ng'ambo, maana usiku huo walikuwa wametoka wote."

Walimfungua tumbo. Damu ikawa nyingi. Na hapo hapo, jenereta likazimika. Giza. Mgonjwa amelala wazi mezani, hakuna anayeona hata kidole chake. Wavuvi waliomleta walikuwa bado nje, wakasikia kelele, wakakimbilia mtumbwini na kurudi na taa zao za kuvulia, wakazikabidhi dirishani. Kazi ikamalizika kwa mwanga wa taa za dagaa.

"Mpaka tunafunga kidonda, mikono imekufa ganzi," alisema Feliksi, akainyanyua yote miwili juu ya mabega kuwaonyesha. "Sikuweza hata kushika kikombe. Lakini yule mtu alipona. Alituletea samaki, migebuka."

Dk. Dismasi alipangusa macho kwa leso. Shadia mwenyewe alisisimka, na hilo ndilo lililomkera baadaye. Simulizi ile ilikuwa ya kweli. Angeapa. Mtu anaweza kughushi muhuri, lakini hawezi kughushi namna ile ya kumeza mate pale taa zinapozimika.

Mwombaji alipotoka, mganga mfawidhi alishika kalamu. Alisema mchana huu saa nane kuna mgonjwa wa tezi la shingo, ameshaandaliwa, hajala tangu jana, na yeye Dismasi anampa Feliksi idhini ya muda ili aanze. Atasimama naye chumbani kumwangalia, kama utaratibu unavyotaka.

"Wewe ni daktari wa mifupa," Shadia alimkumbusha. "Akikata kisichokatwa, utakijua?"

"Nitajua damu nikiiona."

"Nipe mpaka saa nane."

"Saa nane," alisema Dk. Dismasi. "Ikifika hujaniletea kitu, kazi inaanza. Siwezi kumrudisha mgonjwa nyumbani kwa sababu Uhamiaji ana wasiwasi." Akagundua alichokisema, akajifanya anatafuta miwani.

Shadia alipitia wodi ya wanawake. Mgonjwa wa tezi aliitwa Yunisi, mwimbishaji wa kwaya huko Rusimbi, mwanamke mnene mwenye uvimbe shingoni ulioanza kumbana pumzi akilala. Walio na bahati ya kukaa karibu na kanisa lao walikuwa wanajua Jumapili imefika kwa kumsikia yeye. Alikuwa amekaa kitandani na kitenge begani, akimtania jirani yake kwa Kiha, na alipomwona Shadia alimwomba aketi.

"Daktari Feliksi amepita," alisema. "Mtu mzuri sana. Amenishika mkono, ameniambia ni jambo dogo."

"Amekueleza kuhusu sauti?"

Utani ulimtoka. Hapana, hakuelezwa. Lakini alijua, kwa sababu alikuwa na mama mdogo aliyefanyiwa hivyo hivyo zamani mahali pengine, na tangu hapo mama mdogo huongea kwa kunong'ona. Yunisi alipapasa shingo yake taratibu.

"Mwanangu, kama nitaamka sina sauti, bora msiniamshe."

Shadia alimwahidi kwamba atarudi kabla hajapelekwa. Kwenye shingo ile kulikuwa na mshipa mwembamba wa sauti uliojificha nyuma ya tezi, na mtu asiyefundishwa angeukata huku anatabasamu. Alihitaji kitu cha kushika, na hakuwa nacho.

Njaa ndiyo iliyomsaidia. Alikwenda kantini, akamwambia Ella, mwenye kantini, ampakulie ugali wa muhogo na dagaa wabichi haraka.

"Dagaa wabichi hakuna, dada," alisema Ella. "Mwezi mkubwa huu. Kibirizi nzima watu wamelala, mitumbwi iko mchangani. Nikupe maharage?"

Shadia alibaki ameshika sahani tupu.

"Dada, maharage?"

"Sema tena."

"Maharage."

"La kabla ya hapo."

Ella alirudia, akimtazama kwa wasiwasi. Mwezi mkubwa. Na Shadia, mtoto wa Ujiji, aliyelelewa katika nyumba ambayo dagaa walianikwa uani, alitamani kujipiga kibao. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa kwa taa. Wavuvi hutoka gizani, huwasha taa zao, na dagaa hupanda kuufuata mwanga. Mwezi ukijaa, maji yote yanang'aa, taa hazina kazi, basi watu huvuta mitumbwi nchi kavu, wakishona nyavu na kulala usingizi mpaka mwezi upungue. Na mfungo huanza mwezi ukiwa mwembamba kama ukucha. Katikati ya mfungo, kila mwaka, bila kukosa, mwezi ni mpevu. Kwao Ujiji, nusu ya Ramadhani ilikuwa ndiyo siku za kufuturu bila dagaa wabichi, na mama yake kulalamika.

Taa zimejaa mpaka ng'ambo, usiku huo walikuwa wametoka wote. Usiku gani huo?

Furaha ilimpanda mpaka masikioni. Aliiacha sahani mezani, Ella akaguna, naye akatoka akitembea mwendo wa mtu anayejizuia kukimbia. Alijua tayari Ramadhani iliingiaje. Feliksi aliutazama ushungi wake kwanza, ndipo akasema katikati ya mfungo. Alitia chumvi ili ampendeze mhakiki. Mtu wa milimani kwenye maharage na kahawa kama yeye, hata akikaa ziwani miaka, hukumbuka taa na kusahau mwezi.

Lakini uongo wa siku haumfanyi mtu kuwa tapeli. Watu husahau tarehe. Na upasuaji wenyewe ulikuwa wa kweli, hilo bado aliliapia. Kama ulifanyika, na aliusimulia mtu aliyekuwepo, basi kosa liko wapi? Alisimama katikati ya ua, akanyanyua mikono yake juu ya mabega kama alivyofanya Feliksi. Mwuguzi aliyepita alimpisha njia.

Akabadili uelekeo, akaenda wodi ya watoto. Dk. Barutwanayo alikuwa anasikiliza kifua cha mtoto. Shadia alisubiri amalize, kisha akamuuliza swali ambalo hata yeye aliliona la ajabu.

"Daktari, ulipokuwa mafunzoni, ukikaa muda mrefu kwenye upasuaji, nini kilikuuma?"

"Kiuno," alisema Barutwanayo. "Na shingo. Umeinama muda wote."

"Mikono?"

"Mikono iko chini, ndani ya tumbo la mgonjwa. Iume kwa nini?"

"Ni nani basi humo ndani ambaye mikono yake inaweza kufa ganzi kwa kunyanyuliwa juu?"

Barutwanayo alifikiri kidogo. "Taa zikiwa zinawaka, hakuna," alisema. "Zikizimika, ni yule anayeshika tochi."

Shadia aliketi kwenye kiti cha mtoto. Yule anayeshika taa. Simulizi ilikuwa ya kweli kutoka mwanzo hadi mwisho, ila iliangaliwa kutoka pembeni ya meza, na mtu aliyenyanyua mwanga ili mwingine afanye kazi. Alimweleza Barutwanayo kila kitu kwa sauti ya chini. Alimaliza kwa kusema hana namba ya ile misheni isipokuwa ya Feliksi mwenyewe.

"Ninayo ya Sista Veneranda," alisema Barutwanayo. "Ndiye anayesimamia chumba chao cha upasuaji. Nilipokuwa nafanya kazi kambi ya wakimbizi walikuwa wananiletea watoto. Ila mtandao wa huko ni wa kupanda mlima."

"Siku zote hizi unayo?"

"Hakuna aliyeniuliza kitu, Bi. Shadia. Mlikuwa mnaniuliza kuhusu baba yangu."

Shadia aliichukua namba, akapiga. Simu iliita mara nyingi bila kupokelewa. Saa ya ukutani, iliyochorwa twiga kwa ajili ya watoto, ilikuwa imevuka saa saba na nusu. Walipiga tena, na tena. Hatimaye ikapokelewa na mwanamke aliyekuwa anahema.

"Shikamoo Sista. Naitwa Shadia, napiga kutoka Nyota ya Ziwa, Kigoma mjini."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyenikatia simu wiki iliyopita?"

Shadia na Barutwanayo walitazamana. Ile sauti ya siri iliyowakosesha watu usingizi ilikuwa ni mtawa aliyeishiwa mtandao akiwa kileleni. Sista Veneranda alieleza kwamba mgonjwa mmoja wa kwao alikuja mjini, akarudi akasema amemwona Jeremia amevaa koti jeupe akiitwa daktari. Yeye akapiga simu, simu ikakatika, naye akadhani wamemdharau, akaamua kuwaandikia barua. Barua ilikuwa inasubiri boti.

Jeremia ni nani? Alikuwa mhudumu wa chumba cha upasuaji, alisema Sista. Akiosha vyombo, akisukuma kitanda. Mchapakazi. Shadia akamuuliza kuhusu usiku wa taa. Sista akacheka kwa kumbukumbu. Ilikuwa baada ya Noeli, alisema, giza ambalo huoni mkono wako. Dk. Feliksi alimpasua mvuvi yule, na Jeremia ndiye aliyesimama na taa juu ya kichwa mwanzo hadi mwisho, hakutikisika, wote walimsifu. Baadaye Dk. Feliksi alipotaka kwenda masomoni India, alimtuma Jeremia mjini akagongewe mihuri nakala za vyeti. Jeremia alileta nakala zenye mihuri, akakaa kidogo, akaaga kwamba anakwenda kwao kulima, na Shadia akajua aliondoka na nakala za ziada. Wala hakuna mwanaume mwenye sauti nzito pale ofisini kwao, mganga wao mkuu ni mwanamke.

"Dk. Feliksi ana simu?"

Alikuwa nayo. Shadia aliandika namba mkononi kwa kalamu ya Barutwanayo, akamshukuru Sista, akapiga simu ya chumba cha upasuaji. Haikupokelewa. Akampigia Dk. Dismasi. Haikupokelewa pia, na alijua kwa nini, maana yeye mwenyewe ndiye aliyeandika agizo kwamba simu zote zibaki kabatini kabla mtu hajavaa nguo za upasuaji. Nesi wa wodi ya wanawake ndiye pekee aliyejibu, akasema Yunisi ameshachukuliwa, na ameacha salamu kwamba binti wa ushungi alimwahidi kuja na hakuja.

Safari hii alikimbia. Alikimbia mbele za wagonjwa na wauguzi, ushungi ukimteleza, viatu vikipiga kelele sakafuni, na ndani yake hofu na furaha zilikuwa zimechanganyika asijue ipi ni ipi. Namba ya India iliita. Akapokea mwanaume mwenye sauti ya upole, aliyesema yuko nje ya darasa, anaweza kuzungumza kidogo. Shadia alimwambia yote akiwa mbioni, kwa sentensi zilizokatika katika.

"Jeremia wangu?" alisema yule mwanaume.

"Usikate, Daktari. Chochote utakachosikia, usikate."

Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa na mstari mwekundu sakafuni. Kuuvuka na viatu vya nje lilikuwa kosa, na agizo hilo pia aliliandika yeye. Shadia alisimama ncha za viatu zikigusa rangi.

Walikuwa hapo hapo, upande wa pili wa mstari. Yunisi amelala kwenye kitanda cha magurudumu, macho wazi, shingo imepakwa dawa ya kahawia. Mtu wa nusu kaputi amesimama kichwani pake. Dk. Dismasi amevaa kofia iliyombana. Na yule mrefu alikuwa ametoka kunawa, mikono yake mirefu imenyanyuliwa mbele ya kifua, maji yakimchuruzika hadi kwenye viwiko. Kwa hilo moja hakukosea hata kidogo. Alikuwa ameona wengine wakilifanya kwa miaka.

"Saa nane imefika, Bi. Shadia," alisema Dk. Dismasi. "Umeniletea kitu?"

"Nimeleta salamu." Akamgeukia yule mrefu. "Daktari, kabla hujaingia, kuna mtu wa zamani anataka kukusalimia. Haitachukua muda."

Yule mrefu alitabasamu kama kawaida yake, akasema mikono imeshanawa, hawezi kushika simu. Shadia akamjibu kwamba hana haja ya kushika. Akabonyeza kitufe cha sauti, akainyosha simu juu ya mstari mwekundu.

Kwanza kulisikika kelele za mtaa wa mbali, honi na watu wasiojulikana. Kisha ile sauti ya upole, bila hasira, sauti ya mtu anayemwita mwenzake chumba cha pili.

"Jeremia."

Na yule mrefu, kabla akili haijamfikia, kabla hajakumbuka yeye ni nani pale na amevaa nini, alikaza miguu, akainamisha kichwa kidogo kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka ile yote.

"Shikamoo, Daktari."

Marahaba ilichelewa kidogo kuja kutoka India, nayo ilikuja na huzuni. Dk. Dismasi alimtazama mpasuaji wake, akaitazama simu, akamtazama tena. Akaivua ile kofia iliyombana.

Jeremia hakukimbia wala hakubisha. Mikono yake ikaanza kushuka, kutoka kifuani hadi tumboni, kutoka tumboni hadi ikaning'inia mapajani.

"Umeshajichafua," alisema nesi wa vyombo, kwa mazoea tu, maana aliyenawa hashushi mikono chini ya kiuno.

"Niliwahi kukuambia usome, Jeremia," ilisema sauti ya simuni. "Ulikuwa na mikono isiyotikisika. Ningekusaidia."

"Niliomba, Daktari," alisema Jeremia kwa sauti ndogo. "Mara mbili waliniacha."

Shadia alikuwa amengoja tangu asubuhi kufurahia wakati huu, na kweli alifurahi, damu ilikuwa inamchemka mpaka kwenye vidole. Lakini pale alipomwona yule mtu mrefu akilia bila kujifuta, furaha ile ilipungua utamu. Akamwomba mtu wa nusu kaputi awaite walinzi, akaivuta simu yake, akamshukuru Feliksi wa kweli.

Kitanda cha magurudumu kililia. Yunisi alikuwa ameinuka, ameketi katikati yao na shuka lake la kijani, dawa ya kahawia ikimteremkia kifuani. Alimwangalia Jeremia kuanzia kofia hadi ndala za chumba cha upasuaji. Akamwangalia Dk. Dismasi, muda mrefu zaidi. Alipofungua kinywa, ilitoka ile sauti iliyokuwa ikiwaamsha Rusimbi nzima kila Jumapili, ikajaa korido hadi mapokezi.

"Nipeni kitenge changu."